Afisa wa probesheni anakuja nyumbani. Nimwambie yote kuhusu mdogo wangu?

BARUA

Assalaam aleikum mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtopanga, Mombasa, na mume wangu. Nakuandikia kuhusu mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 27. Baba alitutoka mapema, kwa hivyo mimi na mama ndio tuliomlea. Ni fundi wa friji na kazi yake ilikuwa ikisifiwa mpaka Bamburi, lakini huu ni mwaka wa sita anatumia unga, yaani heroini. Alianza na kokteli za maskani, bangi iliyotiwa unga kidogo, kisha bangi ikatoka ukabaki unga. Kujidunga sindano hajafika huko, au hajatwambia.

Kwa mama hakikusalia cha kubebeka. Mtungi wa gesi umeondoka mara mbili. Simu ya mume wangu nayo ikaenda. Mwaka jana alifungua skrubu za cherehani ya mama akaondoka na kichwa, akaacha meza na kanyagio, mkanda unaning'inia. Mama hushona madera ya watu, na hiyo ndiyo riziki yake.

Wiki tatu zilizopita askari walivamia maskani moja huko Kisauni, wakamkuta na kete nne mfukoni. Akafikishwa kortini kwa kupatikana na mihadarati, akakana. Hakimu akampa bondi ya laki moja na mdhamini mmoja, au dhamana ya pesa taslimu elfu hamsini. Hatukuwa nazo, basi yuko rumande katika gereza la Shimo la Tewa. Nimekwenda kumtazama. Uso umejaa, macho yametulia, anaomba radhi, anauliza habari za watoto. Sijamwona hivyo miaka mingi. Mama tangu siku hiyo analia atolewe. Zamu yake ya chama inafika mwisho wa mwezi, na anataka pesa zote ziende kortini.

Tuna binamu yetu yuko Ohio, Marekani. Naye aliwahi kushikwa na dawa za kulevya huko, akapelekwa kwenye mahakama wanayoiita ya mihadarati. Anasema alikiri kosa, kisha badala ya jela akawa anasimama mbele ya hakimu kila wiki mbili, anapimwa mkojo, anakwenda kwenye matibabu, mwaka na nusu. Alipomaliza hakimu alimpigia makofi na kesi ikafutwa. Ametutumia ujumbe mrefu wa sauti: mwambieni akiri, aombe matibabu, ndiyo njia.

Ami yetu hataki kusikia. Kwake methadoni, ile dawa ya kliniki ya kutibu uraibu wa unga, ni unga wa serikali, mtu anatolewa kwenye uraibu mmoja anatiwa kwenye mwingine. Anataka tumtoe kwa dhamana, tumpeleke moja kwa moja kwenye soba haus, nyumba ya kuachishia dawa, ya mtu anayemjua, geti linafungwa, hakuna simu wala mgeni miezi sita.

Sasa juzi amenipigia afisa wa probesheni. Wakili wa mdogo wangu aliomba masharti ya dhamana yapunguzwe, na korti imeagiza ripoti kwanza. Afisa anakuja kwangu Alhamisi. Ameuliza kama mdogo wangu anaweza kukaa nyumbani kwangu, maana kwa mama ni hatua chache kutoka maskani. Mume wangu hajakataa, ila amesema, "Akiingia yeye, sisi tutalala na simu mkononi."

Je, nimwambie afisa mambo ya wizi? Nikisema, nitakuwa nimemfungia mlango ndugu yangu. Nikificha na akarudia, nitakuwa nimewafungulia mlango watoto wangu. Na kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu ashikwe, mimi nalala usingizi. Hilo nalo linanitafuna.

Dada mkubwa, Mtopanga

JIBU

Waaleikum salaam dada yangu,

Nianze na hilo la mwisho, maana umeliweka chini kabisa kama mtu anayeficha risiti. Kulala usingizi si kumchukia nduguyo. Kwa miaka sita kila sauti ya geti usiku ilikuwa habari mbaya, na sasa geti halilii. Mwili umepumzika, haujatoa hukumu juu ya mtu. Ukweli huo usiutupe, kwa sababu Alhamisi utakufaa: unaonyesha ni uzito gani nyumba yako inaweza kubeba na ni upi haiwezi.

Nikisoma barua yako naona maswali manne yamefungwa kwenye kitambaa kimoja: umwambie nini afisa, mdogo wako akiri au asikiri, mama alipe au asilipe, na atibiwe wapi. Kila mmoja katika ukoo ameshika jibu la swali moja akalifanya jibu la yote. Tuyafungue moja moja.

Afisa kwanza. Anayekuja Alhamisi haandiki ripoti ya adhabu. Mdogo wako amekana na kesi yake haijasikizwa. Hii ni ripoti ya dhamana, na korti inataka kujua mambo machache tu: ana makao yanayojulikana, ana watu wa kumshika, atarudi kortini tarehe ikifika, na kuna mtu atakayedhurika akitoka. Hatakuuliza wewe peke yako. Kwa kawaida atazungumza na mama, majirani, mzee wa mtaa au chifu, na mdogo wako mwenyewe. Sasa fikiri: mtaa mzima unajua habari ya cherehani. Ukisema hujui kitu na mzee wa mtaa akasimulia, kinachoanguka ni neno lako, na neno lako ndilo dhamana ya maana aliyo nayo kijana huyo kuliko hizo elfu hamsini.

Umelichukulia jambo hili kana kwamba ukweli utamfunga na uongo utamtoa. Sina hakika ndivyo lilivyo. Wizi wa nyumbani ukitajwa peke yake ni doa. Ukitajwa pamoja na sababu yake na mpango wa matibabu, ripoti inaanza kumweleza mgonjwa ambaye korti inaweza kumwekea masharti. Lakini upo upande wa pili na siuzibi: utakayoyasema yataingia kwenye faili la korti, na afisa hana wajibu wa kukutunzia siri. Hakimu anaweza kusoma na kuona nyumba yako si salama kwake, akaacha masharti yalivyo.

Hapa kuna mpaka ningeomba uujue. Maisha yake ya nyumbani unaweza kuyaeleza. Zile kete nne zilikuwa za nani, alizipata wapi, au kama aliwahi kumuuzia mtu, hayo hayakuhusu na hukuyaona. Chini ya sheria ya mihadarati ya 1994, kupatikana na unga kwa matumizi yako ni kosa moja, kusafirisha au kuuza ni jingine zito mno. Kete zilizofungwa moja moja huweza kusomwa kama bidhaa. Adhabu ziliandikwa upya 2022 na uzito sasa una sauti kubwa, kwa hivyo ripoti ya mkemia wa serikali kuhusu ni gramu ngapi na ni kitu gani hasa ndiyo karatasi ambayo wakili wake anapaswa kuiomba mapema. Sentensi moja ya "labda alikuwa akiwagawia wenzake", iliyosemwa kwa wema juu ya kikombe cha chai, inaweza kumgeuzia kijana mwelekeo wa kesi.

Tuje kwa binamu wa Ohio. Hakusema uongo, ila amesahau kutaja chumba alichosimama. Mahakama za mihadarati zilianza Miami, Florida, mwaka 1989, wakati kokeini ya kuvuta ilipojaza korti na jela na watu walewale wakawa wanarudi kila baada ya miezi. Leo Marekani ina zaidi ya 3,000 za jamii hiyo. Zina hakimu mmoja anayefuata mtu yuleyule tangu mwanzo hadi mwisho, na kabla ya kikao timu hukaa pamoja: kiongozi wa mashtaka, wakili wa utetezi, mtu wa matibabu, afisa wa probesheni. Mwanzoni mshiriki hufika kila wiki mbili. Mkojo hupimwa angalau mara mbili kwa wiki, siku asiyoijua. Akifanya vizuri husifiwa mbele ya watu, vikao hupunguzwa, hupanda hatua. Akiteleza adhabu huja upesi na huwa ndogo: kuandika maelezo, kazi ya jamii, vikao kuongezwa, na mwishoni kabisa siku chache za mahabusu. Ukitaka kujua kama hakimu wa namna hii anafanya kazi yake, tazama saa: wataalamu wa mahakama hizi husisitiza angalau dakika tatu za mazungumzo na kila mshiriki kila anaposimama. Dakika tatu zinaonekana kidogo, lakini kaa siku moja kwenye korti iliyojaa uone.

Matokeo ni mazuri, si muujiza. Uchambuzi uliochapishwa 2012, uliokusanya tathmini zaidi ya 150, ulikadiria kwamba pale ambapo watu 50 kati ya 100 wangerudi kwenye makosa, baada ya mahakama hizi hurudi kama 38. Binamu yako ni katika waliobaki nje, alhamdulillahi. Hao 38 hawatumi ujumbe wa sauti.

Sasa hatari ya ushauri wake. Katika programu nyingi za kule, kabla mtu hajakiri, huwekewa karatasi mezani: ukimaliza, shtaka linafutwa au adhabu inapunguzwa, ukishindwa, adhabu ni hii. Anakiri akiona mlango wa kutokea. Mdogo wako yuko mbele ya hakimu wa kawaida. Akikiri leo bila makubaliano yoyote, kinachofuata ni hatia, kisha adhabu mikononi mwa hakimu, ambaye anaweza kumwonea huruma lakini halazimiki. Sisemi asikiri kamwe. Kwenye sheria yetu yapo makubaliano ya kukiri kati ya utetezi na upande wa mashtaka. Huandikwa na hupita kwa hakimu. Ofisi ya mkurugenzi wa mashtaka nayo ina sera ya tangu 2019 ya kuepusha kesi kortini kwa masharti, na mtu mwenye kosa dogo na ugonjwa unaotibika anaweza kuombewa hilo. Maswali hayo wakili ayapeleke kwa kiongozi wa mashtaka kabla neno "kweli" halijatoka kinywani mwa kijana. Na ikiwa mliyenaye ni wakili wa siku moja, ulizeni ofisi ya msaada wa kisheria ya serikali. Sheria yake ipo tangu 2016.

Hata hivyo, vipande vingi vya ile mahakama ya Ohio vipo hapa Mombasa, ila vimetawanyika na hakuna anayevikusanya. Kifungo cha nje chini ya probesheni huanzia miezi sita hadi miaka mitatu. Hakimu lazima amweleze mshtakiwa masharti kwa lugha anayoielewa, na hawezi kutoa amri hiyo bila yeye kuridhia. Katika mahakama za chini inaweza kutolewa hata bila kumtia hatiani, shtaka likishathibitika, na kwa fundi wa friji atakayeomba kazi hotelini na kudaiwa cheti cha tabia njema, tofauti hiyo si ndogo. Sheria ya mihadarati yenyewe pia inamruhusu hakimu kumpeleka mtu aliyethibitika kuwa na uraibu kwenye kituo cha urekebishaji badala ya kukaa kifungo chake chote gerezani.

Kinachoharibika ni hiki: amri inaandikwa "apate matibabu" na inaishia hapo. Matibabu wapi, kuanzia lini, nani atampeleka, nani ataripoti kwa nani, kimya. Kesi inatajwa tena baada ya miezi, na mtu anayejaribu kuacha unga hawezi kuhesabu kwa miezi. Akianguka wiki ya tatu hakuna anayejua mpaka ashikwe tena, na hapo adhabu inakuja kubwa na kwa mpigo mmoja, kwa sababu aliyevunja masharti ya probesheni anaweza kurudishwa ahukumiwe kwa kosa la kwanza.

Kama ukoo wenu unataka kuisaidia korti, basi nguvu zenu ziende hapo. Kabla ya tarehe ya kutajwa, tafuteni barua kutoka kliniki au kituo, yenye muhuri, inayosema: amepimwa na nani na lini, ana uraibu wa nini, tiba gani inapendekezwa na kwa muda gani, nafasi yake ipo kuanzia tarehe fulani, na jina la mhudumu ambaye afisa anaweza kumpigia. Wakili aombe pia kesi itajwe kila baada ya wiki chache mwanzoni, hata kama ni kwa dakika mbili, na afisa alete neno la kliniki. Hakimu mwenye shughuli nyingi anaweza kukataa. Lakini ombi lililoandikwa na lenye jina la kliniki ni rahisi kulikubali kuliko machozi ya mama mlangoni.

Kuhusu methadoni, ami yako anasema jambo ambalo watu wengi wa heshima wanalisema, na kulicheka hakutasaidia. Ni kweli methadoni ni dawa ya jamii moja na unga, na ni kweli mwili huizoea. Tofauti iko katika mwendo wake. Unga hupanda haraka, hushuka haraka, na saa nane hadi kumi na mbili baadaye arosto inabisha hodi: makamasi, kuharisha, mifupa inauma, usingizi hakuna, na siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Hapo ndipo kichwa cha cherehani kinapofunguliwa. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, na hukaa mwilini siku nzima bila kumpandisha wala kumwangusha. Mtu anaweza kutengeneza friji. Huanza na kiasi kidogo, kwa kawaida si zaidi ya miligramu 30 siku ya kwanza, kisha hupandishwa taratibu. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Akikosa siku tatu mfululizo, kiasi hutazamwa upya, maana mwili umeshaanza kuisahau. Kuchanganya na pombe au bugizi, vile vidonge vya usingizi, ndiko kunakoua. Na si tiba ya wiki mbili: ni mwaka kwa uchache, mara nyingi zaidi.

Ami huenda akashangaa kusikia kwamba wazo lake liliwahi kutawala hata huko Marekani. Kwa miaka baadhi ya mahakimu wa mihadarati waliwalazimisha watu waache methadoni ndipo wahesabiwe wamepona, na walioachishwa walirudi kwenye heroini, wengine wakafa. Tangu 2015 mahakama inayotaka ruzuku ya serikali kuu haiwezi kumfukuza mshiriki kwa sababu anatumia dawa hiyo kwa agizo la daktari. Kama kinachomsumbua ami ni dini, mkutanisheni na imamu anayemwamini na daktari wa kliniki, wote wawili pamoja. Waulizeni pia habari ya Ramadhani kabla haijafika. Dozi ni ya kila siku na kliniki hufanya kazi mchana, basi ni bora jambo hilo lizungumzwe mapema kuliko kijana kukatiza dawa kimyakimya.

Lakini nisiifanye methadoni iwe jibu la kila kitu. Mdogo wako amekaa wiki tatu ndani, na huenda hana unga mwilini kabisa. Kliniki itataka historia yake, kipimo na maelezo, na daktari anaweza kusema njia nyingine inafaa zaidi. Ipo kliniki ya methadoni Kisauni, na ipo ndani ya Shimo la Tewa yenyewe, kwa hivyo swali linaweza kuanza kuulizwa akiwa bado rumande. Kwa Kisauni, njia ya kawaida ni kupitia mashirika yanayohudumia waraibu, kama Reachout Centre Trust au MEWA, ambayo huandaa mtu kwa ushauri kabla ya kumfikisha kliniki. Matibabu ya kulala ndani yapo Miritini, katika kituo cha NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Simu ya bure ya NACADA ni 1192.

Na soba haus ya ami? Huenda ni nzuri. Nendeni mkaione bila kutoa taarifa, muulize cheti cha NACADA, muulize daktari au muuguzi huja siku gani, arosto kali wanaitibu vipi, mtu akitaka kuondoka inakuwaje, na mnaruhusiwa kumwona baada ya siku ngapi. Nyumba isiyotaka mgeni miezi sita inaniacha na swali ambalo halihusiani na uraibu. Kisha kuna jambo la kisheria: kama dhamana yake imeandikwa anakaa Mtopanga, kumfungia mahali pengine bila korti kujua ni kumvunjia masharti mkiwa mnamtakia mema.

Sasa pesa za mama. Lipo jambo moja ambalo nakusihi ulikamate kwa mikono miwili, liwe mtamtoa au mtamwacha. Huo uso uliojaa na macho yaliyotulia si kupona. Arosto imekwisha, kiu haijakwisha, na mwili umepoteza uzoefu. Kete aliyokuwa akivuta mwezi uliopita bila shida inaweza kumsimamisha pumzi leo. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ndizo zenye vifo vingi vya namna hii, na mama akilipa Ijumaa jioni, kliniki itafunguliwa Jumatatu. Mkiamua kulipa, basi siku ya kutoka ipangwe iwe asubuhi ya siku ya kazi, atoke getini aende kliniki au kituoni, nyumbani baadaye. Kila mtu mzima nyumbani ajue dalili: haamki hata akifinywa, pumzi za kuhesabika au mkoromo wa ajabu, midomo kugeuka rangi, mboni kuwa ndogo kama ncha ya sindano. Alazwe ubavu, apelekwe hospitali mara moja, na asipopumua apuliziwe hewa. Maziwa, chumvi na ndoo ya maji hayamwamshi mtu aliyezidiwa na unga. Iko dawa ya kumzindua, naloksoni. Ulizeni kituo mnachoshughulika nacho inapatikana vipi.

Mkiamua kumwacha ndani mpaka ripoti isomwe, hilo nalo lina gharama yake. Rumande si hospitali, unga huwa unapenya kuta nyingi, na kesi inaweza kuvuta. Mama atakulaumu. Kijana akifia humo atakulaumu zaidi. Siwezi kukupimia hilo.

Imebaki sasa nyumba yako. Afisa ameuliza kama anaweza kukaa kwako, nawe umesikia: unampenda ndugu yako au humpendi? Swali lake si hilo. Jibu linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana, na katikati kuna majibu mengine: kwa mwezi mmoja mpaka nafasi ya kituo ipatikane, chumba cha nje kwa jamaa aliye mbali na maskani, au "simpokei kulala, lakini nitampeleka kliniki kila asubuhi na nitafika kortini kila tarehe." Hili la mwisho watu hulidharau, wakati kwa afisa lina uzito, kwa kuwa linapimika. Mume wako amesema kwa mzaha jambo la kweli. Mkae wawili kabla ya Alhamisi mwandike sheria tatu za nyumba, si kumi, na mbele ya kila moja kitakachofuata ikivunjwa. Kiwe kidogo, na kiwe kitu mnachoweza kukitenda kweli. "Ukikosa kliniki, nampigia afisa siku hiyohiyo" kinawezekana. "Ukivuta tena hutakanyaga hapa maisha" hukitendi, na yeye anajua.

Kazi ya kumpima mkojo, kumpekua mifuko na kumlinda mlangoni usiichukue. Iache kwa kliniki na afisa, nawe ubaki dada. Ukisikia kipimo kimeonyesha kitu, uliza kwanza: dawa ya kikohozi yenye kodeini hutokea kwenye kipimo cha afyuni, na methadoni huhitaji kipimo chake yenyewe. Ugomvi mwingi wa nyumbani umezaliwa na karatasi iliyosomwa vibaya.

Mtu mmoja hajaulizwa kitu katika barua yote hii. Binamu amesema, ami amesema, mama amesema. Utakapokwenda Shimo la Tewa kabla ya Alhamisi, acha kumweleza mlichopanga. Muulize anaogopa nini siku ya kwanza akitoka, na ni nani hataki kukutana naye. Akitaja jina la mtaa au la mtu, mwombe ruhusa umfikishie afisa, maana mahali pa kukaa hupangwa kwa habari kama hizo. Akikaa kimya, mwachie hadi ziara ijayo. Ukiwa na majibu ya afisa na ya kliniki, niandikie tena.